Waraka wa wazi kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba: Waulizeni watengenezaji kuhusu florini

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

Dawa za vipande vya RNA, kama hazijafika mezani kwenu, ziko njiani. Mojawapo, inclisiran, iliidhinishwa Ulaya mwaka 2020 na Marekani mwaka 2021. Mgonjwa huchomwa miligramu 284, hurudia baada ya miezi 3, kisha kila miezi 6, na kolesteroli mbaya hushuka kwa takriban nusu. Kwa anayesahau vidonge vya kila siku, hiyo ni nafuu kubwa.

RNA ya kawaida haidumu mwilini. Kwenye kaboni ya pili ya sukari yake kuna kikundi cha haidroksili, na vimeng'enya hukitumia hichohicho kuukata mnyororo. Wanakemia wakakiondoa katika baadhi ya nafasi, wakaweka florini: atomi ndogo inayovuta elektroni kwa nguvu, lakini isiyoweza kuishambulia fosfeti ya jirani. Sukari hubaki na umbo la RNA, na protini ya Argonaute, inayofanya kazi na kipande hicho ndani ya seli, huipokea bila tatizo. Nafasi ya 2 na ya 14 za uzi elekezi, yaani ule unaoiongoza protini hiyo, ni finyu. Kikundi cha methoksi, ambacho ni kinene zaidi, husumbua hapo. Florini hukaa vizuri. Ni kemia ya ustadi, naisifu bila kinyongo.

Ila florini kwenye kaboni hiyohiyo ina historia. Mwaka 1993, huko Marekani, wagonjwa 15 wa homa ya ini B walipewa dawa ya fialuridini katika majaribio. Maini ya 7 yaliharibika vibaya. Watano walifariki, wawili wakapona kwa kupandikizwa ini. Florini ya dawa ile ilielekea upande wa juu wa sukari, si wa chini kama ilivyo kwenye RNA hizi, na dawa ikajipachika kwenye DNA ya mitokondria. Majaribio ya wanyama hayakuwa yameonya: kisafirishaji kinachoipitisha hadi ndani ya mitokondria za binadamu hakipo kwenye mitokondria za panya.

Sisemi dawa mpya ni sumu. Watengenezaji wamechapisha tafiti zinazoonyesha kwamba mabaki yake yenye florini hayakudhuru mitokondria. Lakini hao ndio wauzaji. Tena kidonge kikileta shida mgonjwa hukiacha kesho yake. Sindano ya miezi 6 ikishaingia, imeingia.

Basi naomba kila faili la usajili lieleze florini ni ngapi, ziko nafasi zipi, zinaelekea upande gani, na nukleosidi zinazobaki uzi ukikatika zinaishia wapi, kwa ushahidi wa seli za binadamu. Majibu hayo yawekwe wazi kwa umma, kwa Kiswahili.

Wako katika kazi,
Mfamasia, Morogoro