Aliyeacha Usukani Apewe Sauti

KANDO YA LUKUGA, na Kasongo Mulunda

Popote makamio yanapopakiwa hapa Kalemie utamkuta dereva wa zamani asiye na gari. Macho yamechoka, au mgongo umekataa, au mguu haukuunga vizuri baada ya ajali ya njia ya Nyunzu. Anakaa kivulini karibu na mafundi, na anaona mambo yanayowapita wengine: springi iliyokatika jani moja, tairi la nyuma linaloanza kuvimba ubavuni, mzigo ulioegemea upande mmoja. Akisema, vijana wanamwitikia kwa heshima, "Ndiyo, papa," halafu kamio linaondoka vilevile. Neno la mwisho ni la mwenye mali, na mwenye mali anataka mahindi yake yafike kabla bei haijashuka.

Huo ni upotevu ambao mkoa wetu hauuwezi. Ujuzi wa miaka thelathini barabarani tunaugeuza kuwa maongezi ya kivulini, wakati wenzetu mahali pengine wameufanya kazi yenye cheo, mshahara na mamlaka.

Mfano ninaoutaka uko mbali, Marekani, kwenye mashindano ya NASCAR, ambako magari yenye sura ya magari ya kawaida huzunguka kiwanja cha lami kwa saa nyingi. Ray Evernham alikuwa dereva wa viwanja vidogo vya New Jersey, na pia fundi. Mwaka 1991 alipata ajali mbaya, akaumia ubongo, na baada ya hapo hakuweza tena kuendesha kama zamani. Angeweza kuishia kando ya uwanja akisimulia. Badala yake, mwishoni mwa 1992 timu ya Hendrick ilimweka kuwa mkuu wa kikosi cha Jeff Gordon, kijana wa miaka 21.

Mkuu wa kikosi ndiye anayeamua gari lifungwe springi gani, matairi yajazwe upepo kiasi gani, na dereva aingie lini kuongeza mafuta. Dereva anamsikia kwenye redio masikioni na anatii. Anatii kwa sababu ndani ya gari lile yeye haoni mashindano yote. Anaona kioo cha mbele, moshi na mgongo wa aliyemtangulia.

Mei 1994, huko Charlotte, walikuwa kwenye mashindano ya maili 600, karibu kilomita 965. Katika kusimama kwa mwisho, washindani wakubwa walibadilisha matairi manne. Evernham aliagiza mawili tu. Kiwanja kile hupinda kushoto siku nzima, kwa hiyo matairi ya kulia ndiyo hubeba uzito na kuchakaa haraka. Ukibadilisha upande mmoja unaokoa sekunde kadhaa, lakini dereva anamaliza na matairi ya zamani upande wa pili, na akikosea kidogo gari linateleza. Ili uagize hivyo lazima uwe unajua, kwa mikono yako mwenyewe, gari la namna hiyo linavyohisi kwenye kona na dereva anaweza kulizuia mpaka wapi. Gordon alitoka mbele na kushinda. Ulikuwa ushindi wake wa kwanza katika daraja la juu. Kufikia 1999, walipoachana, wawili hao walikuwa wameshinda mara 47 na kuchukua ubingwa wa 1995, 1997 na 1998.

Hapo ndipo thamani ya aliyewahi kuendesha inapoonekana. Dereva akirudi hasemi kwa lugha ya vipimo. Anasema gari halitaki kukata kona, au mkia unataka kumpita. Mtu ambaye hajawahi kuhisi hivyo mgongoni ataanza kubahatisha. Ni vilevile kwetu. Dereva anafika kutoka Bendera na kusema kamio linavuta kushoto. Fundi kijana anapigana mwereka na matairi. Mzee anauliza swali moja tu: linavuta ukikanyaga breki, au linavuta wakati wote? Kama ni kwenye breki, chanzo kitafutwe kwenye breki. Kama ni wakati wote, waangalie upepo wa matairi, au ekseli iliyosogea kwa sababu bolti ya katikati ya springi imekatika. Swali lile limeokoa nusu siku ya kufungua vitu visivyo na kosa, na huenda limeokoa watu waliokaa juu ya magunia.

Afrika Mashariki nayo inaijua njia hii kati ya karakana na usukani. Joginder Singh, aliyezaliwa Kericho mwaka 1932, alijifunza ufundi kwenye karakana ya baba yake, kisha akafanya kazi ya kuzunguka barabarani kusaidia magari yaliyoharibika. Alishinda Safari Rally mwaka 1965 kwa Volvo iliyokwisha tumika, kaka na mdogo wakiwa pamoja ndani ya gari, kwa maana Jaswant ndiye alikuwa msoma njia wake. Akashinda tena 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Mimi ushindi huo haunishangazi kama hesabu nyingine: Safari 22 aliingia, na 19 akazimaliza. Kwenye matope na mawe yale, gari zima mwisho wa njia ni kazi ya mtu anayelisikiliza. Naye Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda aliyeishinda Safari mara tano, aliumia vibaya Misri mwaka 1987 na kuacha mashindano. Chama cha magari cha dunia hakikumwacha kivulini. Aliongoza tume ya ubingwa wa dunia wa rali mpaka alipofariki mwaka 2006.

Sasa turudi kwetu, ambako hakuna anayeshindania kombe. Desemba 2014 meli ya Mutambala ilizama kwenye ziwa letu la Tanganyika ikiwa imebeba watu na mizigo kupita kiasi, na zaidi ya watu 120 wakafa. Septemba 2019 treni ya mizigo ilianguka Mayibaridi, watu wakiwa wamedandia mabehewa, tukazika tena. Makamio yanayopinduka hayaandikwi popote, lakini kila mtaa wa mji huu una mjane wake wa barabara. Siwezi kukubali kwamba katika safari hizo zote hakukuwa na mtu mzima aliyeona hatari mapema. Katika mji huu wa manahodha, wa reli na wa madereva, watu wa kuona hawajawahi kukosekana. Kinachokosekana ni mtu mwenye haki ya kusema "haliondoki" na neno lake likasimama.

Kwa hiyo naiomba ACCO, chama cha madereva wa Kongo, na wenye makamio na maboti, wafanye jambo hili. Kila mwenye magari amteue dereva mzee, au nahodha mzee, awe mkuu wa safari. Alipwe kwa mwezi. Asilipwe kwa gunia wala kwa kichwa cha abiria, maana anayelipwa kwa gunia hataona kamwe kwamba magunia yamezidi. Funguo zikae kwake mpaka amemaliza kukagua. Na dereva akimpigia simu kutoka njiani kusema mto umejaa, yeye ndiye aamue walale au wavuke. Mwenye mali asiingilie, hata akiwa amesimama hapo hapo na simu mkononi.

Najua jibu litakalokuja: makuta hayapo. Lakini wenye makamio hawa hawa hulipa difu mpya iletwe kutoka Lubumbashi au Dar es Salaam, hulipa wiki tatu za gari kukaa porini, hulipa vijana wa kulinda mzigo uliolowa, na baadaye hukaa kwenye matanga na familia ambazo hawawezi kuzitazama usoni. Mshahara wa mzee mmoja uwekwe kwenye hesabu hiyo hiyo, tuone upande gani ni mzito.

Mvua zitaanza Oktoba, na njia ya kwenda Fizi itakuwa matope kama kila mwaka. Mwenye kamio asiyeamini ajaribu na gari moja, kuanzia sasa hadi mvua zitakapokatika, huku akiandika kwenye daftari kila safari iliyokwenda na kila safari ambayo mzee aliizuia.