Vijito vya Sindo Vipimwe na Wanafunzi

Wakazi wa Sindo na vijiji vya jirani katika Suba Kusini wanaombwa kukubaliana juu ya jambo moja, nalo ni kwamba kila shule iliyo karibu na kijito iyapime maji yake mara kwa mara na kuyaandika matokeo katika daftari la kudumu. Vijito viteremkavyo kutoka Milima ya Gwassi hubeba, hasa mvua za masika zinaponyesha, udongo wa mashamba, mbolea na kinyesi cha mifugo hadi Ziwa Victoria, ambako mbolea hiyo hulirutubisha gugumaji, mmea unaoelea na kuziba njia za mashua za wavuvi.

Kifungu cha 43 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinampa kila mtu haki ya kupata maji safi na salama ya kutosha, lakini mwananchi anayefika mbele ya Mamlaka ya Rasilimali za Maji bila rekodi yoyote huwa na malalamiko tu mkononi.

Upimaji wenyewe hauhitaji fedha nyingi. Katika mbinu iitwayo miniSASS, iliyobuniwa Afrika Kusini, wanafunzi huchota kwa wavu viumbe wadogo wanaoishi chini ya mawe, huwatambua kwa makundi, kisha hulipa kila kundi alama kulingana na uwezo wake wa kustahimili uchafu, kwa kuwa baadhi ya lava wa wadudu hutoweka oksijeni inapopungua majini, ilhali ruba na minyoo huendelea kuishi. Mbinu hii ina mipaka ambayo walimu hawana budi kuieleza bayana: haifai katika kijito kilichokauka au kilichotuama, haigundui zebaki, metali ambayo wachimbaji wadogo wa dhahabu wa Migori huitumia, wala kijito chenye wadudu wengi si lazima kiwe na maji ya kunywa, kwani Shirika la Afya Duniani linataka maji hayo yasiwe na bakteria wa kinyesi hata mmoja katika mililita 100, kipimo kinachohitaji maabara.

Aidha, mwanafunzi asiingie majini miguu mitupu, kwa sababu vimelea vya kichocho, ambavyo hukulia ndani ya konokono wa majini, hupenya ngozi ya binadamu. Viatu vya mpira na glavu, basi, ndivyo vya kununuliwa kwanza, na hapa ndipo wazazi, wavuvi na wafanyabiashara wa soko wanapotakiwa kuchanga.

Vilabu vya Wanyamapori vya Kenya vilianzishwa na wanafunzi mwaka 1968, kwa hiyo kazi hii si ngeni kwa vijana wa nchi hii. Kamati za shule zichague kituo kimoja cha kupimia, kisichobadilishwa, kabla ya masika yajayo. Na jumuiya za watumiaji wa maji, zinazotambuliwa na Sheria ya Maji ya mwaka 2016, ziyapokee madaftari hayo na kuyasoma hadharani barazani.