Msimnunulie Mzee Gari Kabla ya Kumwuliza





Miezi michache iliyopita nilialikwa katika kikao cha familia moja hapa mjini. Nilipewa kiti, nikanywa chai, nikasikiliza. Hasira niliyotoka nayo siku ile imepungua, lakini haijaisha. Wenye habari wameniruhusu kuieleza pasipo kutaja majina, nami naileta kwenu juma hili kwa sababu najua wazi kwamba familia hiyo si ya pekee.

Watoto sita wa mzee mmoja, ambaye ametimiza miaka themanini na mitano, walikuwa wamekusudia kumnunulia baba yao gari. Wawili wanaishi Dar es Salaam, mmoja Mwanza, mmoja Uingereza, na wawili wapo hapa hapa. Gari lenyewe halikuwa Toyota ya kawaida. Lilikuwa gari dogo la Kiingereza la watu wawili, la zamani, lenye turubai la kukunjwa badala ya paa, lile ambalo vijana wa Ulaya walilipenda kwa mbio na mbwembwe. Linaitwa MGB. Yule aliyeko Uingereza alikuwa amekwisha kuliona na kulipigia picha. Michango ilipangwa kama ya harusi: mwenyekiti, mweka hazina, kundi la WhatsApp. Na neno lililotajwa kuliko jina la baba mwenyewe lilikuwa "sapraizi". Mzee asijue lolote. Siku ya kuzaliwa kwake angeletwa uani, turubai lingefunuliwa, simu zingeinuliwa, video ingerushwa.

Chanzo cha yote ni picha moja iliyotundikwa sebuleni. Ni ya zamani. Mzee, wakati huo kijana, amesimama amevaa nguo nyeupe kando ya gari la namna hiyo, la afisa mmoja wa Kiingereza aliyefanya kazi Dodoma. Anatabasamu. Watoto wamekua wakiitazama picha hiyo, wakaamua kwamba hiyo ndiyo ndoto ya baba yao, na kwamba sasa, wakiwa na uwezo, ni wajibu wao kuitimiza.

Niliuliza swali moja tu: "Mmemwuliza?" Wakacheka. "Padre, tukimwuliza si tutaiharibu?"

Hapo ndipo ninapopingana nao, na ninapopingana na desturi hii iliyotuingia kwa kasi. Sapraizi ni kitu kizuri kwa mtoto wa miaka mitano. Mtoto hana habari ya bei, wala ya magoti, wala ya barabara, ukimshangaza, unamfurahisha. Mzee ni mtu mwingine kabisa. Katika mila zetu mzee ndiye anayefunga kikao. Wengine husema, naye husikiliza, kisha hutoa neno la mwisho. Iweje basi kikao kinachomhusu yeye mwenyewe kifanyike kwa kumficha, na kila mtu aingie kwa kunyata kana kwamba wanaiba? Kumshangaza mzazi kwa jambo kubwa ni kumnyang'anya neno lake, hata kama mkononi umeshika zawadi.

Nitazame kwanza gari lenyewe, kwa maana nililisoma habari zake usiku ule ule. MGB ilitengenezwa Abingdon, nchini Uingereza, tangu mwaka 1962 hadi 1980, na yaliundwa magari zaidi ya 500,000. Ni gari zuri, sitalisingizia. Lakini kimo chake chote ni kama sentimita 125 tu, na tumbo lake limeinuka kutoka barabarani kwa sentimita zipatazo kumi na mbili. Anayeingia humo hashuki kitini kama sisi tunavyoketi. Anazama, kama mtu anayeingia mtumbwini, na kutoka hana budi kujikokota kwa mikono. Mzee huyu ndiye aliyekuja kwangu mwaka juzi kuniomba ruhusa ya kubaki amesimama wakati wa mageuzo, kwa sababu akipiga magoti hainuki tena. Ruhusa ambayo hakuihitaji, maskini, lakini ndivyo alivyolelewa.

Usukani wa gari hilo hauna pawa, kama wasemavyo mafundi. Injini yake ilibuniwa enzi za petroli yenye risasi. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliachana na petroli hiyo kufikia mwanzo wa mwaka 2006, kwa hiyo injini isiyobadilishwa viti vya valvu hulika pole pole kwa petroli ya vituo vyetu. Spea zake bado zinapatikana, tena kwa wingi, lakini Uingereza. Gereji za hapa zina mafundi hodari wanaoweza kufungua Land Cruiser huku wamefumba macho. Kabureta pacha za MGB hawajapata kuziona. Na kutoka lami hadi kwa mzee kuna mchanga, halafu kuna korongo ambalo wakati wa mvua hugeuka mto. Sentimita kumi na mbili!

Kisha kuna bandari. Ushuru wa forodha asilimia 25, ukihesabiwa juu ya bei, bima na nauli ya meli. Kodi ya ongezeko la thamani asilimia 18. Na juu yake ushuru wa ziada wa gari lililozidi umri wa miaka kumi. Gari hili lina umri unaozidi hamsini. Mweka hazina wao alikuwa amepanga fedha za kununulia na za meli, akasahau yaliyobaki.

Lakini hayo yote ni madogo. Kubwa ni macho. Ukanda wetu huu una historia ndefu ya maradhi ya macho. Kongwa imekuwa mahali pa utafiti wa trakoma tangu miaka ya 1980. Mzee wetu hana trakoma, ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. Watoto wanaoishi mbali hawakujua. Huongea naye kwa simu ya video kila Dominika, na katika simu ya video si rahisi kugundua kwamba mzee anaitazama sauti yako, wala si uso wako. Walikuwa wanamnunulia gari mtu asiyeona lango la uwanja wake.

Nikiwa nimekaa pale niliikumbuka Kongwa kwa sababu nyingine. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilileta huko mradi wa karanga. Waingereza walikuwa wamepungukiwa mafuta ya kula baada ya Vita Kuu ya Pili, nao wakachora mpango wa kulima ekari zaidi ya milioni tatu, sehemu kubwa katika Tanganyika. Wataalamu walioandaa mpango huo mwaka 1946 walizunguka ukanda huu kwa wiki tisa tu. Mashine zikaletwa kwa meli na kwa reli. Hata vifaru vya vita viligeuzwa matrekta. Udongo wa Kongwa una mfinyanzi, na jua likiupiga hukauka ukawa kama saruji. Majembe yakavunjika, karanga zikang'ang'ania ardhini, mvua zikaja zilivyopenda zenyewe. Januari 1951 mradi ulifutwa, pauni zipatazo milioni 36 zikiwa zimekwenda. Na siku zote hizo walikuwapo Kongwa wazee wa Kigogo walioishi katika Mtunya, ile njaa kubwa ya mwishoni mwa Vita Kuu ya Kwanza. Wazee hao waliijua mvua ya nchi yao kama wajuavyo ng'ombe wao. Ilitosha kuketi nao chini ya mbuyu na kuuliza.

Simwiti mtoto wa mtu mkoloni. Nia ya watoto hawa ni njema, na fedha ni yao. Ninachosema ni kwamba nia njema iliyopangwa mbali, kwa kutazama picha, ikaletwa na mashine kubwa pasipo kumwuliza mwenye nchi, tumekwisha kuiona hapa kwetu, na mabaki yake tumeyaona.

Sasa niwageukie wengine, kwa maana najua kuna waliokwisha kutikisa kichwa kwa kuridhika: "Kweli kabisa Padre, mzee wa miaka themanini na mitano gari la nini? Apewe blanketi, sukari kilo tano, dawa zake, atulie." Ninyi nanyi nina neno nanyi, na pengine ni kali zaidi. Nani aliyewaambia kwamba mtu akizeeka furaha yake yote inageuka kuwa sukari na blanketi? Kupenda gari la zamani si upuuzi. Oktoba 2024 mamia ya Land Rover yalikusanyika Arusha kwa sherehe, na baadhi yalikuwa ya umri wa kustaafu. Katika Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, limehifadhiwa gari la Austin alilolitumia Mwalimu Nyerere katika siku za kudai uhuru. Chuma kinaweza kubeba kumbukumbu ya mtu. Ikiwa mzee anataka gari, na watoto wana uwezo, mnunulieni gari! Ninyi wa blanketi na wale wa sapraizi mna kosa lile lile: nyote mmekwisha kujua anachotaka kabla hajafungua kinywa.

Amri ya Nne tunaikariri tangu katekisimu ya kwanza, na tunadhani kuheshimu ni kutoa. Lakini kumbukeni jinsi Bwana wetu alivyowakemea wale waliotangaza mali yao kuwa Korbani, sadaka ya hekalu, ili wazazi wao wasipate sehemu. Walikuwa wanatoa, tena kwa fahari na mbele ya watu, lakini mzazi aliyekuwa nyumbani alibaki na shida yake. Nami naogopa kwamba video ya gari lililofunuliwa turubai, ikitazamwa na marafiki mia tano, ni hekalu la namna yake.

Basi tulifikaje mwisho? Niliwaomba jambo moja: mmoja wao aje, amkute mzee peke yake, amwulize. Wa Dar es Salaam hawana tena kisingizio cha safari. Tangu mwaka 2024 treni ya umeme inawafikisha hapa kwa muda usiofika saa nne, na ilipoanza nauli ya kawaida ilikuwa shilingi 31,000. Akaja yule wa pili. Alifika jioni, akaketi na baba yake chini ya mwembe, akaitoa ile picha ukutani, akamwuliza: "Baba, gari hili ulilipenda sana?"

Mzee akaigusa picha kwa vidole, kwa kuwa haoni vizuri, akauliza ni ipi. Akaambiwa. Akanyamaza kidogo. Kisha akasema: "Hilo nililiosha."

Akaeleza. Kwa miaka mitatu aliliosha kila asubuhi, na Jumamosi mara mbili. Alilijua kila msumari wake. Hakupata kuketi ndani yake hata siku moja, hakuruhusiwa. Siku ya picha alitabasamu kwa sababu mpiga picha alimwambia atabasamu. Picha ilitundikwa sebuleni na marehemu mama yao, ambaye aliipenda kwa kuwa ndiyo picha pekee ya ujana wa mumewe. "Mama yenu alipenda ile nguo nyeupe," alisema. "Mimi kila nikiipita nilisikia harufu ya sabuni."

Mwanawe aliponisimulia haya alikuwa analia, mwanamume wa miaka hamsini na minne. Fikirini wangelileta. Fikirini turubai linafunuliwa, watu wanapiga makofi, na mzee anasogezwa karibu hadi mkono wake unagusa bodi ya gari lile. Angetabasamu tena, bila shaka. Angetabasamu kwa sababu wapiga picha wangemwambia.

Alipoulizwa anataka nini, hakuchelewa kujibu. Anataka kwenda mnada wa Msalato. Alikuwa mfugaji baada ya kustaafu, na kwa miaka sita hajakwenda, maana bodaboda zinamwogofya na hapendi kuombaomba watu. Anataka gari la juu, lenye mlango mpana, lolote lile, na mjukuu wake aendeshe. Anataka kutazama ng'ombe, kula nyama ya kuchoma ambayo daktari hampendezi nayo, na kubishana bei na watu ambao hawamwiti "babu" kwa kumhurumia. Kwanza, akasema, itabidi macho yatibiwe, kwa sababu ng'ombe hanunuliwi kwa kusikia sauti.

Jicho la kulia limekwisha kufanyiwa upasuaji hapa Dodoma, la kushoto linasubiri zamu yake. Gari bado halijanunuliwa. Kundi la WhatsApp linabishana kuhusu aina na rangi, na ndugu aliyeko Uingereza amenyamaza kidogo, tumpe muda. Binti mkubwa hakusubiri. Aliazima gari la jirani, akampeleka baba yake Msalato, nami nikajikaribisha kiti cha nyuma. Mzee alishuka bila kushikwa mkono, akavaa miwani yake mipya ya jua, akaenda moja kwa moja hadi kwa mtamba mmoja mwekundu. Alimzunguka mara mbili, akamshika nundu, akauliza bei. Alipotajiwa alicheka kwa sauti ambayo sijapata kuisikia kwake kanisani, kisha akamwambia muuzaji kwamba kwa bei hiyo huyo ng'ombe ajifunze kwanza kusoma.