Saa za Ofisi na Saa za Nyumbani



Imekuwa desturi maofisini kumsifu karani atokaye wa mwisho, tena achukuaye majalada nyumbani. Sifa hiyo twaona yafaa ichunguzwe upya.

Kipimo cha kazi si jambo la jana. Mwaka 1919 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mapatano yake ya kwanza, nayo yaliweka kikomo cha kazi za viwandani: saa 8 kwa siku na saa 48 kwa juma. Huku Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka saa 45 za kawaida kwa juma, na likizo ya siku 28 kwa mwaka. Wala si huruma tupu. Mwaka 2021 shirika hilo, pamoja na Shirika la Afya Duniani, lilieleza kuwa afanyaye kazi saa 55 au zaidi kwa juma yu katika hatari ya kiharusi iliyozidi kwa asilimia 35 ile ya mwenzake wa saa 35 hadi 40.

Siku hizi mipaka hiyo huvunjwa na simu ya mkononi, ambayo huifanya ofisi imfuate mtu hata mezani pake. Ujumbe mmoja wa usiku wadai dakika tano tu. Lakini chovya chovya humaliza buyu la asali. Mtoto amesimama na daftari lake la hesabu, na jibu apatalo ni "ngoja kidogo". Mtoto huyo hatadai malipo ya saa za ziada. Atazoea tu kutouliza.

Wapo watakaosema kazi ya umma haingoji. Kwa mganga wa zamu ni kweli. Lakini barua nyingi zijibiwazo usiku zingeliweza kungoja asubuhi bila hasara kwa mtu yeyote.

Kwa hiyo twashauri mambo matatu. Likizo ichukuliwe kwa siku zake zote, kazi ikiwa imekabidhiwa kwa maandishi. Wakubwa wa idara wasitume jambo lisilo la haraka baada ya saa za kazi. Na kila mmoja wetu aitenge saa moja ya jioni isiyo na simu.

Kupunguza mwendo si uvivu. Tutakapostaafu, ofisi itapata karani mwingine. Nyumba haina pa kuazima baba wala mama.