Taya la mtoto likivimba



Siku hizi mama mmoja alifika kwenye mkutano wetu na mtoto wa miaka sita mgongoni. Shavu lilikuwa limevimba kama mtoto ameficha embe mdomoni. Jino lilikuwa limekwisha kung'olewa, majani yamekwisha kubandikwa, na jirani mmoja amekwisha kutajwa kwa jina. Mama aliuliza swali moja tu: "Nani amemlisha mtoto wangu karuho?"

Si yeye peke yake anayeuliza hivyo, kwa hiyo namjibu hapa.

Tuanze na mahindi. Kila mmoja wetu amekwisha kumenya hindi lenye punje za madoadoa, nyeupe na zambarau. Mama mmoja Mmarekani, Barbara McClintock, alichunguza punje za namna hiyo miaka na miaka. Katika miaka ya 1940 aliona kwamba vipande vya jini, yaani vya urithi, vinaweza kuhama mahali pao na kuingia pengine, na vinapoingia vinazima rangi au kuiwasha. Wenzake wengi hawakumsikiliza. Tuzo ya Nobel alipewa mwaka 1983, akiwa na miaka 81!

Sisi pia tunavyo. Karibu nusu ya urithi wa mwanadamu imetokana na vipande vya kuhamahama. Karibu vyote vimelala. Lakini mwaka 1992 wachunguzi walikuta kimoja kimejiingiza ndani ya jini linalozuia kansa ya utumbo mkubwa, na kulivunja.

Uvimbe wa taya una njia yake, ila inafanana na hiyo. Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago huko Kampala, munganga mpasuaji Denis Burkitt alionyeshwa mtoto mwenye mataya yaliyovimba. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walipanda gari, wakazunguka hospitali za Afrika ya mashariki na kati wakiuliza wapi watoto wa namna hiyo wanaonekana. Jibu likawa: penye joto na mvua, pale pale malaria inapokaa. Mwaka 1964 huko London virusi vilionekana ndani ya chembe zilizotolewa kwenye uvimbe na kukuzwa.

Virusi hivyo pamoja na malaria ya kila mara vinazilazimisha chembe za kinga kuzaana kupita kiasi. Katika kuzaana huko, nyuzi za urithi zinaweza kukatika na kuungwa vibaya. Jini linaloamuru chembe izaane linatoka uzi wa 8 na kushikizwa kwenye uzi wa 14, na hapo amri haizimwi tena. Halikuruka lenyewe kama lile la mahindi. Limehamishwa na mkato. Mkato huo unatokea ndani ya chembe moja ya mtoto baada ya kuzaliwa. Mama hakumpa kwa damu yake, na jirani hakuweka kitu chakulani.

Sasa haraka. Uvimbe huu unaweza kuongezeka mara mbili kwa siku moja au mbili. Wiki ya majani ni wiki iliyopotea. Meno yakilegea bila kuoza, jicho likitokeza nje, taya au tumbo likivimba, nenda hospitali, na umwambie munganga tangu siku gani. Najua barabara ya Goma, najua vizuizi, najua bei ya pikipiki. Hata hivyo, hii ni kansa inayosikia dawa kuliko nyingi: watoto wengi wanaofika mapema wanapona kwa dawa, bila kupasuliwa taya.

Yule mama alirudi kwangu baada ya mkutano, sauti chini. Alitaka kujua kama wadogo zake wanaweza kula naye kwenye sahani moja. Nikamwambia wanaweza: kansa haiambukizi, na virusi vyenyewe karibu sisi wote tunavyo tangu utotoni. Wanaweza pia kulala naye, chini ya chandarua kimoja.