Utalii wa Kujiendesha na Kupiga Kambi: Uhuru wa Mgeni, Dhamana ya Hifadhi

Wasafiri wengi wa barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Zambia wamewahi kumwona tembo au twiga kupitia dirisha la basi, katika takriban kilometa 50 ambazo barabara hiyo inakatiza Hifadhi ya Taifa ya Mikumi. Basi halisimami, na mnyama hupotea kabla abiria hajamtazama vizuri. Utalii wa kujiendesha na kupiga kambi ni kinyume cha safari hiyo: mgeni hushika usukani mwenyewe, husimama atakapo katika barabara za hifadhi, na usiku hulala katika hema lake.

Aina hii ya utalii ina mizizi mirefu Kusini mwa Afrika. Katika Hifadhi ya Kruger nchini Afrika Kusini na Etosha nchini Namibia, familia huingia na magari yao na kulala katika kambi zilizozungushiwa uzio. Tanzania imejenga jina lake kwa njia tofauti, ile ya mgeni kuongozwa na dereva-mwongozaji mwenye ujuzi, na hifadhi zake nyingi zina kambi zisizo na uzio. Hata hivyo, milango iko wazi kwa anayejiendesha, mradi azingatie taratibu.

Faida zake kiuchumi ni dhahiri. Mwaka 2024 Tanzania ilipokea watalii wa kimataifa zaidi ya milioni 2.1, lakini wengi wao huelekea katika mzunguko wa Kaskazini na visiwa vya Zanzibar. Anayejiendesha hufika kwa urahisi zaidi mahali ambapo misafara mikubwa haifiki. Akielekea Ruaha hujaza mafuta na kununua mchele, nyanya na mkaa Iringa. Akielekea Katavi hufanya hivyo Mpanda. Fedha yake huingia moja kwa moja kwa muuza soko, fundi wa tairi na mama lishe. Kwa Mtanzania mwenye gari, hema ni njia ya kuipeleka familia hifadhini bila gharama ya hoteli.

Msimu wa kiangazi, kati ya Juni na Oktoba, humlipa mgeni mvumilivu. Maji yanapopungua, makundi ya tembo hukusanyika kando ya Mto Tarangire, na viboko wa Katavi husongamana katika madimbwi yanayobaki ya Mto Katuma. Anayezima injini na kukaa kimya huona mengi kuliko anayezunguka kutwa. Swala wote wakikodolea macho upande mmoja, au tumbusi wakishuka kwa pamoja, hapo pana jambo.

Swali la msingi ni nani anabeba kazi ya mwongozaji asiyekuwepo. Mwongozaji hajui tu alipo simba; anajua pia wakati wa kuondoka. Utafiti uliofanyika katika eneo la Maasai Mara nchini Kenya, linalopakana na Serengeti, na kuchapishwa mwaka 2018, ulionesha kuwa duma jike katika maeneo yenye watalii wengi walikuza wastani wa watoto 0.21 kwa kila uzao, ikilinganishwa na 2.32 katika maeneo yenye watalii wachache. Duma huwinda zaidi mchana, akitegemea macho na mbio fupi. Magari yakimzingira, windo humponyoka na watoto hulala njaa. Hakuna aliyemgusa mnyama huyo, lakini kizazi chake kimepungua.

Hatari humrudia mgeni pia. Tembo anayeinua kichwa na kutandaza masikio anatoa onyo, na dume anayetokwa na ute kati ya jicho na sikio anahitaji nafasi kubwa zaidi. Kambini, chakula kikihifadhiwa ndani ya hema huvuta fisi, nyani na hata tembo. Kiboko hutoka majini usiku kwenda malishoni, hivyo hema halipigwi katika njia yake. Mvua zikinyesha, udongo mweusi wa mfinyanzi hunasa hata gari lenye nguvu, na maeneo mengi hayana mtandao wa simu.

Ndiyo maana taratibu za hifadhi si urasimu. Kutotoka nje ya barabara, kutoshuka garini isipokuwa mahali paliporuhusiwa, kuheshimu ukomo wa mwendo na kuwa kambini kabla ya giza ni kanuni zinazomlinda mgeni na mnyama kwa pamoja. Mifuko ya plastiki, iliyopigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019, haina nafasi katika mizigo ya kambi, na taka zote hurudi na aliyezileta.

Kwa upande wa usimamizi, ukuaji wa utalii huu unadai maandalizi yake: alama za barabarani zinazosomeka, ramani sahihi, maelezo mafupi ya lazima langoni kwa Kiswahili na lugha za wageni, na askari wa uhifadhi wa kutosha kufuatilia magari yasiyo na mwongozaji. Kufungua lango bila maandalizi hayo ni kukusanya ada ya leo kwa gharama ya wanyama wa kesho.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika hifadhi, mwenyeji wa kwanza ni mnyama. Utalii wa kujiendesha utakuwa na manufaa ya kudumu pale gari litakapoondoka na kumwacha duma akiendelea na windo lake, kana kwamba hakuna aliyepita.