Tuchange Kabla ya Rambirambi



Kuchanga tunajua. Kadi ya harusi ikifika, hata mwenye madeni atatafuta elfu hamsini. Msiba ukitokea, jua halijazama kamati imeshaundwa, mweka hazina kapatikana na namba ya kutuma pesa imezunguka kwenye makundi yote ya simu. Mwanamke aliyeuawa na mumewe huzikwa kwa heshima, hakuna kilichopungua. Mchango huohuo ungemfikia miezi michache nyuma, pengine angekuwa hai.

Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa zaidi ya robo ya wanawake wa Tanzania wenye miaka 15 hadi 49 wamewahi kufanyiwa ukatili wa kimwili. Msaada upo. Polisi wana Dawati la Jinsia na Watoto, na baadhi ya hospitali zina Kituo cha Mkono kwa Mkono, ambako daktari, askari na afisa ustawi wa jamii hupatikana mahali pamoja. Wengi hukwama kabla ya kufika huko.

Aliyebakwa ana saa 72 za kuanza dawa za kuzuia maambukizi ya VVU, na kadiri anavyochelewa ndivyo kinga inavyopungua. Kijijini, usiku, bila nauli ya bodaboda, saa hizo huishia barazani kwa jirani. Akifika hospitali, nguo alizovaa huenda zikachukuliwa kuwa ushahidi, akarudi na khanga ya kuazima. Kisha kesi: imeahirishwa, imeahirishwa tena, na kila tarehe inataka nauli yake na ya mashahidi. Wasipoonekana, kesi inaweza kufutwa, mtuhumiwa akarudi mtaani kifua mbele. Naye mama mwenye watoto watatu asiye na pa kulala atarudi kwa yuleyule aliyempiga.

Ninaomba mambo matatu.

Kwanza, kila kikoba, jumuiya, msikiti na usharika utenge fungu la dharura: nauli, doti ya khanga, nguo za ndani, taulo za kike, sabuni. Alishike mtu mwaminifu mwenye ruhusa ya kulitoa usiku huohuo bila kuitisha kikao.

Pili, wenye kipato tuchangie nyumba salama zilizosajiliwa, na tuchangie kila mwezi. Kodi, unga na mshahara wa mnasihi havina msimu. Elfu tano isiyokosa inasaidia kupanga bajeti kuliko laki moja ya siku ya kamera. Tudai stakabadhi na hesabu, kama tunavyodai kwenye vikoba vyetu.

Tatu, mwenye ujuzi atoe ujuzi. Wakili asimamie kesi moja kwa mwaka bila malipo. Fundi cherehani apokee mwanafunzi mmoja. Mwenye duka ampe kazi anayeanza upya.

Tutoe kwa staha. Usidai kumwona uliyemsaidia, usimpige picha, usimhoji yaliyompata. Mahali ilipo nyumba salama pasitajwe ovyo, maana anayemtafuta naye ana masikio.

Kutoa ni moyo, lakini moyo bila utaratibu haulipi kodi ya nyumba. Tusingoje Siku 16 za kupinga ukatili, zinazoanza Novemba 25. Kikao chenu kijacho cha kikoba, liwekeni jambo hili kwenye ajenda kabla ya mengineyo, na msifunge kikao bila kumtaja mshika fungu na kiasi cha kuanzia.